Rejeta Inapovuja Unyanyembe

Barabara ya Manyoni kwenda Tabora kupitia Itigi inakata Mgunda Mkali, pori ambalo wapagazi wa karne ya 19 waliliogopa kwa uhaba wa maji. Leo dereva wa Corolla kuukuu analivuka akiwa na wasiwasi wa maji ya rejeta. Kila asubuhi anakuta yamepungua kidogo, anaongeza, anaondoka. Chini ya gari pakavu, basi anaona si neno.

Ni neno, tena zito, maana pamoja na maji inapotea presha. Tabora, ndiyo Unyanyembe ya zamani, iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya Bagamoyo kule pwani, hivyo maji kwenye sufuria iliyo wazi huchemka kwa nyuzi 96 hivi za Selsiasi. Injini hufanya kazi kwenye nyuzi 90 na ushei. Kinachoiokoa ni kifuniko cha rejeta: springi yake hushikilia presha ya kilopaskali 90 hivi kwa magari mengi ya Kijapani, na maji hayachemki hadi karibu nyuzi 115. Kifuniko kikilegea au mpira ukipata ufa, ulinzi huo unapungua, na gari linaweza kuchemsha huku rejeta ingali na maji.

Ardhi haijalowa kwa sababu tone linaloangukia chuma cha moto hukauka papo hapo. Huacha utando mweupe, au wa rangi ya kulanti. Utafute kwenye maungio ya mipira na kwenye kitundu kilicho chini ya pampu ya maji, ambacho watengenezaji wamekiweka makusudi ili sili ikichoka ijulikane. Nje kukiwa safi, tazama oili: ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, shuku gasketi ya silinda hedi. Fundi mzuri hubana pampu ya mkono mahali pa kifuniko, injini ikiwa baridi, na kuangalia kama mshale unashuka. Kipimo hicho kinashinda kubahatisha kote.

Kuongeza maji ya kisima kila siku huzimua kulanti, na chumvi yake huganda kwenye vijia vyembamba vya rejeta. Dawa ya kuziba nayo inaweza kuviziba vijia hivyohivyo. Kung'oa thamostati, jambo linalopendwa gereji nyingi, hakuzibi tundu lolote.

Gari likichemsha porini, zima injini, usiguse kifuniko mpaka rejeta ipoe. Presha ikitoka ghafla, maji ya nyuzi 110 hulipuka kuwa mvuke usoni. Na kulanti ya zamani ikingwe kwenye dumu, isimwagwe uani: ina utamu unaowavuta mbwa na mbuzi, na inaua.