Royals wamesogeza ukuta, sasa nani atapiga mpira?

Mwaka 2023 nilikuwa nimeachana na chuo. Karo ilikuwa imenishinda, na kazi niliyopata ilikuwa ya mtandaoni: kusikiliza sauti za Wamarekani wakibishana mikutanoni na kuandika kila neno, usiku kucha, huku nikiomba stima isipotee. Ili nisilale nilikuwa nafungua mechi yoyote inayochezwa saa hizo. Saa nane na dakika 40 usiku, Nairobi nzima imezima, Kansas City ndiyo kwanza wanaanza besiboli ya jioni.

Timu niliyoipata ikicheza ilikuwa Kansas City Royals. Mwaka huo walicheza mechi 162 na kuchapwa 106. Sijui kwa nini nilibaki. Labda niliona mwenzangu.

Kakangu, shabiki sugu wa Man U, hakuamini.

“Buda, mara 106? Na bado hawajashushwa daraja?”

“Hiyo ligi haina kushushwa daraja, bro.”

“Sasa wanaogopa nini?”

Swali zuri, na ndilo limenifanya niandike hii. Wanachoogopa ni jamaa mmoja anayeitwa Bobby Witt Jr. Alizaliwa Juni 2000, yaani ni rika letu kabisa, na ni miongoni mwa wachezaji bora duniani. Februari 2024 alitia saini mkataba wa miaka 11 wa dola milioni 288.8, karibu Sh37 bilioni. Lakini ukisoma mkataba vizuri, kuna mlango wa nyuma: kuanzia mwisho wa msimu wa 2030 anaweza kufunga virago akitaka. Kwa hivyo Royals wana misimu mitano ya uhakika naye, kuanzia huu wa 2026. Kila dirisha la usajili wanalolichezea ni mwaka mmoja umeenda.

Dirisha la sasa ndilo hilo linafungwa. Wachezaji wanaripoti kambini huko Surprise, Arizona, mwezi huu wa Februari, na mimi nimekuwa nikihesabu waliosajiliwa kama mama mboga anavyohesabu mafungu ya sukuma.

Kwa wale hawajawahi kutazama huu mchezo, hapa ni kwa ufupi. Kuna mrushaji, anayesimama katikati na kumrushia mpigaji mpira kwa kasi ya kutisha. Mpigaji akiugonga vizuri anakimbia, akizunguka vituo vyote hadi nyumbani timu inapata mkimbio mmoja. Nyuma kabisa, kwenye nyasi, kuna wachezaji watatu wa nje, wanaodaka ile mipira inayopaa. Hawa wa nje kazi yao haiishii kudaka. Timu nyingi huwategemea pia kwa kupiga mpira mbali, na ikiwezekana kuuvusha ukuta.

Royals wana warushaji. Wa nje hawana. Hadithi yote ya miaka mitatu iko hapo.

Baada ya ule msimu wa aibu wa 2023, meneja mkuu J.J. Picollo aliingia sokoni na kufanya kitu ambacho timu maskini hazifanyi: alifungua mfuko. Alimchukua mrushaji Seth Lugo kwa miaka 3, dola milioni 45. Akamchukua Michael Wacha kwa miaka 2, dola milioni 32. Tayari alikuwa na Cole Ragans, aliyempata kutoka Texas Rangers katikati ya 2023 kwa kumtoa mrushaji mkongwe Aroldis Chapman. Hiyo biashara, jameni, ilikuwa wizi wa mchana.

Unajua kilichotokea? 2024 Royals walishinda mechi 86. Thelathini zaidi ya mwaka uliotangulia! Lugo alimaliza wa pili kwenye tuzo ya mrushaji bora wa ligi yao, nyuma ya Tarik Skubal wa Detroit. Waliingia mchujo, wakaenda Baltimore na kuwatoa Orioles kwa 1-0 na 2-1. Angalia hizo namba tena. Mikimbio mitatu tu kwa mechi mbili, na wamepita. Hiyo si timu inayopiga mpira, hiyo ni timu inayomnyima mwenzake mpira. Raundi iliyofuata walikutana na Yankees, wakatolewa mechi 3 kwa 1. Nililia kidogo, sitaficha, na kazi ya usiku huo niliipeleka imechelewa.

Na kwa nje, mwaka huo wa 2024, walikuwa wamesajili nani? Hunter Renfroe, dola milioni 13 kwa miaka 2. Hakumaliza hata mkataba. Mei 2025 walimwachilia, wastani wake wa kupiga ukiwa .182.

Hapo ndipo nilianza kuona huu mtindo. Picollo akinunua mrushaji, macho yake ni ya tai. Akienda kutafuta mpigaji wa nje, anarudi na kitu cha bei nafuu na matumaini mengi.

Novemba 2024 alijaribu njia nyingine. Alimtoa mrushaji Brady Singer kwa Cincinnati Reds, akapewa Jonathan India na Joey Wiemer. Kule mchezaji anauzwa kama shati la gikomba, anaamka asubuhi anaambiwa sasa wewe ni wa mji mwingine. Wazo halikuwa baya: una warushaji wa kutosha, toa mmoja upate mpigaji. Lakini India, aliyezoea kucheza karibu na vituo, wakawa wanamtupa hadi kule nje kwenye nyasi, na kupiga kwenyewe kukamkataa. Alimaliza 2025 na wastani wa .233. Singer huku akiendelea kurusha Cincinnati bila wasiwasi.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Nadhani hiyo biashara ya Singer ndiyo inawatesa mpaka leo.

Msimu wa 2025 uliisha kwa ushindi 82, vichapo 80, na mchujo wakautazama kwenye runinga kama mimi. Ukiangalia kilichowaangusha, warushaji si wa kulaumiwa. Ragans aliumia bega, Kris Bubic naye akaumia bega Julai akiwa ametoka tu kuchaguliwa kwenye kikosi cha nyota, na bado walioachwa walishikilia. Mgeni Noah Cameron alitoka huko chini na kurusha kama mtu wa miaka kumi kazini. Carlos Estévez, waliyemsajili kufunga milango mwisho wa mechi, alifunga mara 42, akaongoza ligi nzima.

Wa nje sasa. Uuui. Walikuwa kati ya wapigaji dhaifu kabisa kwenye ligi nzima yenye timu 30. Jac Caglianone, kijana waliyemchagua nambari 6 mwaka 2024, aliitwa juu Juni na kupata wastani wa .157. Maanake katika kila majaribio 100 yaliyohesabiwa, alifaulu chini ya mara 16. (Huyu pia aliacha chuo, Florida, baada ya mwaka wa tatu. Tofauti ni kwamba yeye aliondoka akipewa karibu dola milioni 7.5 za kutia saini, mimi niliondoka na deni la bweni.) Bado namwamini, ana nguvu za trekta. Lakini huwezi kupanga msimu mzima juu ya imani.

Julai wakakumbuka shuka kumekucha. Wakamleta Mike Yastrzemski kutoka San Francisco na Randal Grichuk kutoka Arizona. Yastrzemski alisaidia kweli, alikuwa anauvusha mpira ukuta na mashabiki wakapata raha kidogo. Lakini mkataba wake ulikuwa unaisha. Desemba akasaini na Atlanta Braves, miaka 2, dola milioni 23. Hiyo ni karibu Sh3 bilioni. Kwetu ni pesa ya ajabu, kwenye soko la besiboli ni bei ya kawaida kabisa. Royals wakamwacha aende.

Na hapa lazima niwe wa haki kwa Picollo. Besiboli ya Marekani haina kikomo cha mishahara. Kuna kodi kwa wanaozidisha, lakini tajiri akiamua kulipa kodi hakuna wa kumzuia. Januari hii Los Angeles Dodgers walimchukua Kyle Tucker, mchezaji wa nje, kwa miaka 4 na dola milioni 240. Desemba 2024 New York Mets walimpa Juan Soto, naye wa nje, dola milioni 765 kwa miaka 15. Piga hesabu kwa shilingi ujikate. Royals wanatoka mji mdogo. Wakienda mnada na hao watu ni kama mimi niende kushindania ploti Karen.

Kwa hivyo Desemba walinunua wanavyoweza. Lane Thomas alipewa mwaka mmoja, dola milioni 5.25. Huyu 2023 akiwa Washington aliuvusha mpira ukuta mara 28, na Oktoba 2024 akiwa Cleveland alimpiga huyo huyo Skubal pigo la mikimbio minne kwenye mechi ya kufa kupona. Shida ni kwamba 2025 unyayo ulimsumbua, akacheza mechi 39 tu, na hata hizo hakupiga kitu. Ukinunua simu iliyotumika unauliza kwanza betri. Natumai waliuliza.

Aliyenivutia zaidi ni Isaac Collins. Royals walimpata Milwaukee pamoja na mrushaji Nick Mears, wakamtoa mrushaji Angel Zerpa. Collins si jina kubwa. Alikuwa na miaka 28 ndipo akapata msimu wake wa kwanza kamili kwenye ligi kuu, umri ambao wenzake washanunua nyumba ya pili. Hana nguvu nyingi, lakini ana macho. Haswingi ovyo, anasubiri, mrushaji akikosea mara nne anapewa kituo cha kwanza bure. Alifika kituoni zaidi ya thuluthi moja ya mara zote alizosimama kupiga. Kwa timu ambayo watu wake walikuwa wanaupiga hewani kila mpira wanaoona, huyu ni dawa. Na bei yake ilikuwa mrushaji wa akiba tu. Hapo nampa Picollo maksi.

Kwa warushaji wakaongeza Matt Strahm kutoka Philadelphia, mtu waliyemlea wenyewe zamani kabla ya kumuuza. Tazama: hata dirisha ambalo shida ni wapigaji, bado wanarudi nyumbani na warushaji wawili. Ni kama mtu aliyetumwa unga akarudi na mkate.

Kisha Januari ikaja habari iliyonifanya nicheke peke yangu kwenye matatu. Royals wanausogeza ukuta. Kauffman Stadium, uwanja wao tangu 1973, ni kati ya viwanja vipana kabisa kule. Mipira ambayo kwingine ingevuka, pale inadakwa. Sasa wameamua kuuleta ukuta karibu kwa futi kama 10 sehemu nyingi, na kuushusha kutoka urefu wa futi 10 hadi 8 na nusu. Umekosa mpigaji wa kuufikia ukuta? Basi mletee ukuta.

Ni akili, sikatai. Witt atafurahi, na nahodha Salvador Perez atafurahi zaidi. Ila ukuta hauchagui timu. Ule upana ndio ulikuwa unawaficha warushaji wa Royals. Mtu kama Wacha, asiyerusha kwa kasi ya kutisha, alikuwa anaweza kumwacha mpigaji apaishe mpira akijua kuna nyasi ya kutosha kule nyuma na mtu wa kuudaka. Msimu huu baadhi ya hiyo mipira itaangukia mashabiki. Umechukua nguvu yako moja na kuikata kidogo ili kuziba udhaifu wako. Ikilipa, sawa. Isipolipa, utakuwa huna hiki wala kile.

Mimi ningefanya nini? Ningemtoa Bubic. Najua kuna watu watanitukana. Lakini mkataba wake unaisha mwisho wa 2026, na Royals hawataweza kushindana na pesa atakazoahidiwa nje. Akiwa mzima ni kati ya warushaji bora wa mkono wa kushoto, na timu nyingi zina kiu ya warushaji kama hao. Ningempeleka mahali, nipewe kijana wa nje mwenye miaka mitano mbele yake, akue pamoja na Witt. Lugo ana miaka 36, Wacha 34. Hawa wazee wamebeba hii timu migongoni, na migongo yenyewe inaanza kulalamika. Lugo alimaliza 2025 akiwa na jeraha la mgongo, wala si mafumbo.

Najua jibu la Picollo pia. Atasema 2025 mabega yalipoumia, kilichomwokoa ni kuwa na warushaji wa ziada, na kwamba alishawahi kumtoa Singer tukaona matokeo. Ni kweli. Lakini kosa la Singer halikuwa kumtoa mrushaji. Lilikuwa kumchukua mtu wa karibu na vituo na kumtuma kwenye nyasi.

Nilimweleza kakangu haya yote Jumapili, chapo zikipoa. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake, kisha akauliza mechi ya kwanza ni lini. Nikamwambia mwishoni mwa Machi, ugenini Atlanta.

“Atlanta si ndiko alienda yule mliachilia?”

Ndiko. Yastrzemski atakuwa kwenye nyasi za nje, upande ule mwingine. Kakangu amesema atakesha nami siku hiyo, bora nilipe bando.