Laptopu mbele ya vumbi ya Kolwezi: ipi inakawia?

Kila mwaka, masomo ya iniversite yakikaribia kuanza, wazazi wanapita kwa ofisi yetu ya sendika kuuliza namna ya kuomba avansi ya mshahara. Zamani ilikuwa juu ya mabati ya nyumba ao juu ya matanga. Siku hizi ni juu ya laptopu. Mtoto ako Lubumbashi, profesere anataka kazi iandikwe kwa mashini, na kwa sibere kila ukurasa unalipwa. Baba anakopa. Miezi nane kisha, anarudi: « Delege, ile mashini ilikufa. » Na avansi bado inakatwa kwa mshahara wake.

Mashini ile haikufa kwa uzee. Ukiuliza mafundi wa hapa Kolwezi, wale wanaokaa na bisibisi ndogo mbele ya maduka, watakuambia vitu vilevile: vumbi, kurante, na ile tundu ya sharjere. Virusi ni kidogo, hata kama watu wanaitaja sana.

Tuanze na vumbi, juu sisi ni watu wa vumbi. Ndani ya laptopu kuko kitu kidogo, prosesere, ambacho kinapata moto sana kikifanya kazi. Moto ule unatolewa na bomba nyembamba ya mukuba. Ndiyo, mukuba uleule tunaochimba. Bomba linapeleka moto mpaka kwa vipande vyembamba vya chuma vilivyopangwa kama meno ya kichanuo, na vantilatere inapulizia hewa pale. Hewa inaingia kwa chini, inatoka kwa ubavu. Sasa fikiria nyumba ya Kapata ao ya Luilu mwezi wa nane, malori yanapita, mvua bado. Vumbi inaingia na hewa, inachanganyika na nyuzi za blanketi, inafunga yale meno kabisa. Fundi akifungua, anatoa kitu kama kipande cha kitambaa kizito.

Mashini iliyozibwa hivi haifi siku moja. Kwanza vantilatere inalia kama mashini ya kusaga. Kisha kazi inakuwa polepole, juu prosesere inajipunguza yenyewe ili isiungue. Ikikaribia digri 100 inajizima. Mtu anasema ni virusi, analipa kijana amuwekee Windows upya. Feza imeenda bure. Kilichotakiwa ni kufungua, kusafisha, na kubadilisha ile dawa kama mafuta iliyo juu ya prosesere. Kwa mji kama wetu, mara moja kwa mwaka ni lazima, na afazali iwe kiangazi kikiisha. Na mtoto asiweke mashini juu ya matelasi. Anaziba matundu ya chini, ni kama kumfunika mtu pua.

Kuko tena safari. Laptopu nyingi za zamani ziko na disiki yenye sahani inayozunguka, kwa kawaida mara 5.400 kwa dakika, na kichwa cha kusoma kinapita juu yake karibu sana bila kuigusa. Mwanafunzi anasahau kuizima, anafunga, anaweka ndani ya sakoshi, anapanda gari mpaka Lubumbashi, zaidi ya kilometa 300. Shimo moja la barabara linatosha: kichwa kinagusa sahani, na kazi yote ya mwaka inapotea. Disiki za sasa, zinazoitwa SSD, hazina kitu kinachozunguka. Ukinunua mashini iliyotumika, uliza kama iko na SSD. Kama haina, mara nyingi fundi anaweza kuiweka, na mashini ya zamani inaamka.

Kurante sitaongea mingi, kila mtu anajua delestaje. Sharjere nzuri imeandikwa 100-240 volti, kwa hiyo kurante ikishuka kidogo haina neno. Hatari ni wakati inarudi: inarudi kwa nguvu, friji zote za avenue zinaanza pamoja. Taa ikienda, chomoa. Ikirudi, ungojea dakika kumi. Ile multiprizi ya bei ndogo yenye kataa kekundu haina kinga yoyote. Sharjere ikiungua peke yake, shukuru, imekufa kwa ajili ya mashini. Lakini usiinunulie nyingine ya barabarani inayoingia tu kwa tundu bila kuangalia volti na ampere zilizoandikwa. Hapo njo watu wengi wanaunguza mashini nzima. Na tundu lenyewe linalegea juu ya watoto wanaovuta kamba.

Batri inaniumiza roho kuliko yote. Batri ya laptopu ni ya lityumu, namna ambayo Sony ilianza kuuza mwaka 1991, na ndani yake mara nyingi kuko kobalti. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Congo, na sehemu kubwa ni hapa kwetu, Lualaba. Inaondoka kama unga ndani ya mifuko, inasafishwa zaidi Chine, inarudi ndani ya batri. Na ile inayorudi kwa meza za soko letu, iliyoandikwa namba kubwa kwa juu, wakati mwingine inashika dakika arobaini. Batri ya kweli inavumilia sharji nzima 300 mpaka 500 mbele ya kupunguka wazi. Moto unaiua mbio, na hata ikikaa bure dukani inazeeka. Kama imevimba, na klavie imeanza kuinuka, zima, itoeni, msiitoboe. Inaweza kuwaka. Mashini bila batri bado inafanya kazi kwa sharjere, ila delestaje ikifika inazima na kazi yako.

Basi mtu anunue gani? Mimi niko upande wa mashini nzito ya ofisi iliyotumika Ulaya, namna ya ThinkPad, Latitude ao EliteBook, kuliko ile mpya nyembamba ya plastiki inayong'aa. Sharniere zake ni ngumu, zinafunguka kirahisi kwa bisibisi, na vipande vyake vinapatikana. Mbele ya kutoa feza, fungua na funga ekra mara kumi, usikie kama inalia. Tikisa kidogo kamba ya sharjere. Iache iwake nusu saa, weka mkono kwa ubavu: hewa ya moto itoke, isipotoka na mashini inaungua, imezibwa. Soma pia namba ya prosesere. Zile zilizoandikwa i5-6 ao i5-7 kwa kawaida hazikubali Windows 11, na Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14/10/2025. Zinaandika bado vizuri, lakini bei yake ishuke. Muuzaji akikuambia « mzee, hii ni mpya tu », muombe afungue chini tuone vumbi.

Kwa kazini kuko jambo lingine. Kampuni ndogo zinazofanya kazi chini ya kampuni kubwa zinapatia wapima-udongo na wa magazini laptopu za kupeleka mpaka kwa shimo. Mashini za plastiki, kwa vumbi ya kariere. Zikikufa, wanasema mfanyakazi hakuchunga, wanaanza kukata mshahara. Sheria ya kazi ya tarehe 16/10/2002 haimruhusu patron kukata anavyopenda. Inataja makato gani yanaruhusiwa. Mashini iliyozibwa na vumbi ya kazi imechakaa kwa kazi, kama buti na glavu.

Kwa hiyo ukipewa mashini, usiweke sinyatire juu ya karatasi tupu. Andika hali yake: ekra, sharniere, batri inashika saa ngapi, kama imeisha kutumiwa na mwingine. Omba kopi. Kila mwaka omba kwa barua isafishwe, na uchunge ile barua. Wakikata bila kukuuliza, leta buletini ya mshahara na zile karatasi kwa delege wako mbele ya mwezi kuisha, tuende nazo kwa inspekta wa kazi.