Viza Isiwe Kiboko cha Kumchapia Mtumishi wa Umma

Zamani alama ya bluu kando ya jina la mtu kwenye mtandao wa X ilimaanisha kwamba mtandao umehakiki mwenye akaunti ni nani. Siku hizi anayelipia anaipata. Tume ya Ulaya iliona huko ni kuwapotosha watumiaji, na tarehe 5 Desemba 2025 ikaitoza X faini ya euro milioni 120 kwa kosa hilo, kwa taarifa za matangazo zisizo wazi, na kwa kuwabania watafiti data.

Siku 18 baadaye Marekani ikawapiga marufuku ya viza watu watano kutoka Ulaya, ikidai wanashinikiza maoni ya Wamarekani yazimwe mtandaoni. Wanne ni wa asasi za kiraia. Wa tano ni Thierry Breton, kamishna wa Tume ya Ulaya aliyekwisha kujiuzulu tangu Septemba 2024.

Breton alikosea, tena hadharani. Agosti 2024 alimwandikia Elon Musk, mmiliki wa X, barua ya onyo saa chache kabla ya mahojiano ya Musk na Donald Trump, na Tume yenyewe ikajitenga nayo. Lakini sheria anayoadhibiwa kwayo, ile ya huduma za kidijitali iliyoitoza X faini, si mali yake. Ilipitishwa mwaka 2022 na Bunge la Ulaya pamoja na Baraza la nchi wanachama.

Hapo ndipo penye hatari. Ukigombana na sheria, unagombana na dola nzima. Ukimwandama aliyeisimamia, unagombana na mtu mmoja mwenye familia, safari na akaunti ya benki. Jaji Alexandre de Moraes wa Brazil, aliyeamuru X ifungwe nchini mwake Agosti 2024, alifutiwa viza na Marekani Julai 2025, kisha akawekewa vikwazo vya fedha, vilivyoondolewa Desemba mwaka huohuo. Vikwazo vya namna hiyo humfuata mtu hadi nyumbani kwake: benki inayotegemea dola huogopa kumhudumia, hata kama ni ya nchi yake. Afisa wa kesho atakapofungua jalada la kampuni kubwa, atawaza kwanza viza ya mwanawe anayesoma ng'ambo, na sheria itasubiri.

Hoja ya uhuru wa maoni ni nzito na inastahili kusikilizwa. Pa kuipeleka papo: faini ya Tume hupingwa katika mahakama ya Umoja wa Ulaya iliyoko Luxembourg, na majaji wake wana uwezo wa kuifuta.