Bati Si Jibu Rahisi la Risasi

Seli za jua za perovskaiti zilianza na ufanisi wa asilimia 3.8 mwaka 2009, mikononi mwa kundi la Tsutomu Miyasaka nchini Japani, na sasa zimevuka asilimia 26. Mafanikio hayo yametokana na fuwele za perovskaiti zenye risasi. Kila yanapotajwa, swali ni lilelile: kwa nini risasi isitolewe tu, likawekwa bati? Wenye swali hilo huzichukulia elementi kama mafiga, kwamba ukiondoa moja na kuweka jingine, chungu hakijui.

Bati limekwisha kujaribiwa. Mwaka 2014 watafiti wa Oxford na wa Northwestern, Marekani, walitoa seli za bati zenye ufanisi wa karibu asilimia 6. Leo zilizo bora zimevuka asilimia 15. Kwa hesabu za fizikia, bati lingepaswa kushinda, kwani fuwele zake huvuna sehemu ya mwanga wa jua inayofaa zaidi kuliko zile za risasi. Linaloliangusha ni kemia.

Ndani ya fuwele, atomu ya bati inatakiwa kubaki na chaji chanya mbili. Risasi hutulia katika hali hiyo. Bati hutulia kwa shida: likipata oksijeni hupoteza elektroni mbili zaidi na kufikia chaji nne. Fuwele hubaki na nafasi tupu zisizo na bati, na nafasi hizo huzalisha chaji chanya nyingi mno, ambazo humeza elektroni zilizoamshwa na mwanga kabla hazijafika kwenye waya. Volti hushuka. Kisha uharibifu hujizalisha wenyewe: iodidi ya bati lenye chaji nne, ikikutana na unyevu na oksijeni, hutoa iodini, nayo iodini hushambulia bati lililosalia. Kuziba seli vizuri hakutoshi, kwa sababu hata kiyeyushi cha DMSO kinachozoeleka maabara huweza kuoksidisha bati kikipashwa moto penye asidi. Zaidi ya hayo, fuwele za bati hujijenga haraka mno na kuacha tabaka lenye matundu.

Imani iliyoshika mizizi zaidi ni kwamba bati ni salama kwa kuwa makopo ya chakula hupakwa bati. Bati la kopo ni metali. Lililomo katika seli ni iodidi, kitu kingine kabisa. Majaribio ya viinitete vya samaki yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa iodidi ya bati ilikuwa na sumu kali kuliko ya risasi, kwa sababu inapovunjika hutia maji asidi kali. Hilo haliitakasi risasi, ambayo hujikusanya mwilini na kudhuru ubongo wa watoto. Lakini kiasi nacho kina uzito wake: mita moja ya mraba ya perovskaiti hubeba risasi isiyofika gramu moja, ilhali betri moja ya gari hubeba kilo kadhaa. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walidhuriwa na risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu. Hawakudhuriwa na paneli za sola.

Njia zilizopo ni chache. Floridi ya bati hupunguza nafasi tupu. Molekuli kubwa za kikaboni, kama fenilethilamonia, hukinga fuwele dhidi ya hewa. Tabaka la kupokea elektroni huchaguliwa lilingane na bati badala ya kurithiwa kutoka seli za risasi. Badala ya bati, bismuthi hudumu vizuri, ila huvuna mwanga kidogo, na seli zake nyingi hubaki chini ya asilimia 5. Germani huoksidika upesi kuliko hata bati. Njia nyingine ni kuacha risasi mahali pake na kupaka tabaka la kuinasa paneli ikivunjika. Jaribio la mwaka 2020 lilinasa zaidi ya asilimia 96. Kwa paa la leo, silikoni yenye dhamana ya miaka 25 haina mshindani, kwani uhai wa seli za bati bado hupimwa kwa saa.