Chunjua za Vidoleni: Weka Wembe Chini

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya manne: CHUNJUA, SUGU, VIRUSI, SARATANI. Nanyi wanafunzi yasomeni kwa sauti, kisha yaandikeni katika madaftari yenu.

Sasa kila mmoja atazame vidole vyake vya mikono, halafu vya miguu. Huenda ukaona kinundu kigumu kinachokwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Hiyo ni chunjua. Huota migongoni mwa vidole, kando ya kucha na chini ya unyayo. Ile ya unyayoni haichomozi sana, kwa sababu uzito wa mwili huisukuma ndani. Ndiyo maana huuma mtu akitembea.

CHANZO CHAKE

Wapo wasemao kwamba chunjua huletwa na kushika chura. Wengine husema ni laana. Maneno hayo si kweli. Mwaka 1907 daktari mmoja wa Italia, jina lake Giuseppe Ciuffo, alichukua chunjua, akazisaga, akayachuja maji yake katika chujio lisilopitisha hata bakteria. Kisha akayatia maji hayo katika ngozi yake mwenyewe, na baadaye chunjua zikaota. Hapo ikajulikana kwamba chunjua huletwa na kitu kidogo mno kuliko bakteria. Kitu hicho leo tunakiita virusi.

Virusi hivi huingia mahali penye mchubuko au ngozi iliyolowa sana. Kwa hiyo mtoto anayetafuna kucha huzipata kwa urahisi, na wauza nyama na samaki huzipata mara nyingi mikononi. Baada ya virusi kuingia, yaweza kupita miezi kadhaa kabla kinundu hakijaonekana. Basi usimlaumu mtu uliyepeana naye mkono jana.

DAWA ZINAZOSIFIWA BURE

Sikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Katika watoto watatu wenye chunjua, yapata wawili hupona ndani ya miaka miwili bila dawa yoyote. Mwili wenyewe huvitambua virusi na kuvishinda. Kwa watu wazima chunjua hukawia zaidi, lakini nyingi huondoka pia.

Sasa tuseme mtu amefunga chunjua yake kwa uzi, na mwingine amepaka utomvu wa mti. Chunjua ikitoweka, kila mmoja huisifu dawa yake. Kumbe kazi ilifanywa na mwili! Kama dawa hizo zisingekuwa na madhara, tungenyamaza. Lakini wako wanaopaka maji ya betri au mafuta ya ganda la korosho. Vitu hivi huunguza ngozi nzima na kuacha kidonda kikubwa kuliko chunjua yenyewe.

Wembe nao ni hatari. Ukikata chunjua, damu hutoka, na virusi huweza kuenea pembeni. Badala ya chunjua moja utaona tatu. Tena wembe mchafu huweza kuleta pepopunda. Na wembe uliotumiwa na mtu mwingine huweza kuleta UKIMWI au homa ya ini. Chunjua haiui mtu, lakini wembe wake waweza kuua.

SI KILA KINUNDU NI CHUNJUA

Sugu hutokea mahali panaposuguliwa na kiatu kinachobana au mpini wa jembe. Ukitazama sugu, mistari ya ngozi hupita juu yake. Katika chunjua mistari hiyo hukatika, na mara nyingi huonekana vidoadoa vyeusi, ambavyo ni vijishipa vyenye damu iliyoganda. Sugu huuma ukiibonyeza kwa juu. Chunjua ya unyayoni huuma zaidi ukiiminya kwa pembeni. Dawa ya kwanza ya sugu ni kubadili kiatu.

Funza naye huwa na doa jeusi, lakini doa lake ni moja, katikati ya uvimbe mweupe. Huwasha, na hukua kwa siku chache tu. Chunjua hukua polepole kwa wiki na miezi.

JINSI YA KUTIBU

Chunjua isiyokusumbua, iache. Ikikusumbua, uliza duka la dawa au zahanati dawa yenye asidi ya salisiliki. Fanya hivi kila siku:

1. Loweka kidole katika maji ya vuguvugu kwa dakika tano hadi kumi.
2. Sugua ngozi iliyokufa kwa kipande cha msasa, polepole, pasitoke damu. Msasa huo usiutumie penginepo, wala usimpe mtu mwingine.
3. Paka mafuta ya mgando kuizunguka chunjua, ili ngozi nzima isiungue.
4. Tia dawa juu ya chunjua peke yake, iache ikauke.

Endelea hata kwa wiki kumi na mbili. Wengi hushindwa kwa sababu huacha mapema. Dawa hii isipakwe usoni. Mwenye kisukari au ganzi ya miguu asiitumie bila kumwona mganga wa hospitali. Katika hospitali kubwa chunjua huweza pia kugandishwa kwa baridi kali.

JAMBO LA KUOGOPA

Liko jambo moja lisilotaka kungoja. Mwanamuziki Bob Marley wa Jamaika aligunduliwa mwaka 1977 kuwa na saratani ya ngozi chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Alikufa mwaka 1981, akiwa na umri wa miaka 36. Saratani ya namna hii huwapata watu weusi hasa nyayoni, viganjani na chini ya kucha.

Usiogope kila weusi. Watu weusi wengi wana mistari myeusi katika kucha kadhaa, isiyobadilika kwa miaka. Hiyo ni kawaida. Lakini nenda hospitali upesi ukiona mstari mpya katika ukucha mmoja unaopanuka, weusi unaoenea hadi kwenye ngozi, doa la unyayoni linalokua au kubadilika rangi, au kinundu kinachotoka damu na kidonda kisichopona. Usingoje kiume, wala usikikate mwenyewe.

MASWALI YA DARASA

1. Chunjua huletwa na nini?
2. Kwa nini mtu huweza kuisifu dawa ambayo haikumponya?
3. Taja tofauti mbili kati ya sugu na chunjua.
4. Jirani yako ameshika wembe ili amkate mtoto wake chunjua. Andika sentensi tatu za kumshauri.

Mkifika nyumbani, watazameni wazee nyayo na kucha zao, kwani wengi hawawezi kuinama wakajiona wenyewe. Kwaherini, mpaka somo lijalo.