Mgongo ulimnyima jimnastiki, bunduki ikampa dhahabu

Siku ya tatu, tarehe 31 mwezi wa saba 2024, Adriana Ruano alisimama na bunduki begani huko Châteauroux, katikati ya Ufaransa, ambako mashindano ya shabaha ya Olimpiki ya Paris yalifanyika. Kati ya visahani 50 vilivyorushwa kwenye fainali, alivunja 45, rekodi mpya ya Olimpiki. Silvana Stanco wa Italia, aliyemfuata, alivunja 40. Guatemala ikapata medali yake ya kwanza ya dhahabu katika historia yote ya Olimpiki.

Miaka 13 mbele ya hapo, Ruano alikuwa mcheza jimnastiki. Mwaka 2011 alikuwa akijiandaa kwa mashindano ya dunia, mlango wa kuelekea Olimpiki ya London, wakati mgongo ulipoanza kumuuma. Vipimo vilionyesha kwamba pingili sita za uti wa mgongo zimeumia. Msichana wa miaka 16, aliyezoea kupinduka hewani, akabaki kitandani kwa muda mrefu. Mganga wake ndiye aliyemwambia kwamba, ikiwa bado anataka michezo, ajaribu kupiga shabaha, maana mgongo wake ungeweza kuuvumilia mchezo huo.

Mchezo aliouchagua unaitwa trapu. Mpigaji husimama, anaita kwa sauti, na mashine iliyofichwa ndani ya handaki mbele yake inarusha kisahani cha upana wa sentimita 11. Kinaweza kwenda kushoto, kulia au moja kwa moja, yeye hajui. Wafaransa wanakiita njiwa wa udongo, jina lililobaki kutoka enzi ambapo njiwa hai ndio waliopigwa, kama ilivyofanyika Paris mwaka 1900. Siku hizi hata udongo wenyewe haumo sana: visahani vingi ni mchanganyiko wa chokaa na lami.

Katika maeneo ambako mlio wa bunduki huwafanya watu wakimbilie ndani, mchezo kama huu unaweza kushangaza. Lakini somo la kwanza la anayeanza si kufyatua. Ni kubeba bunduki ikiwa imefunguliwa na haina risasi, kila mtu aone, hadi afike pahali pake pa kupigia. Baada ya hapo anafundishwa kuegemeza shavu kwenye kitako cha bunduki, na kujua jicho lake lipi lina nguvu.

Kosa linalowatesa wengi ni kulenga pale kisahani kilipo. Risasi moja hutoa chembe nyingi ndogo, lakini zikifika, kisahani kimekwisha kupita. Sherti bunduki itangulie kidogo, na isisimame hata baada ya kufyatua. Mikono ya mtu anayeanza husimama, kwa sababu anataka kuona kama amepata. Kwenye mzunguko wa mchujo mpigaji ana risasi mbili kwa kila kisahani. Kwenye fainali ni moja tu.

Ruano hakupanda haraka. Mwaka 2016 alikwenda Olimpiki ya Rio, lakini kama mfanyakazi wa kujitolea, akisaidia palepale kwenye uwanja wa shabaha. Miaka mitano baadaye alifika Tokyo kama mshindani. Baba yake alikuwa amefariki wiki chache tu mbele ya safari. Alimaliza wa mwisho.

Mwaka 2023, huko Santiago, Chile, alishinda dhahabu ya michezo ya bara la Amerika bila bendera ya Guatemala, kwa kuwa kamati ya Olimpiki ya nchi yake ilikuwa imesimamishwa. Adhabu hiyo iliondolewa miezi michache mbele ya Paris. Huko Châteauroux, siku moja baada ya mwenzake Jean Pierre Brol kupata shaba katika mchezo uleule, bendera ilipandishwa juu kuliko zote na wimbo wa taifa ukapigwa.