Kisiwa cha jangwa ni kipi? Ngamia wa Kapsoit na mamba wa Turkana

Juzi nilikuwa Kapsoit, kando ya barabara iendayo Kisumu kutoka Kericho, nikimsaidia mwalimu mmoja kusahihisha tafsiri za wanafunzi wa kidato cha pili. Kifungu chao cha Kiingereza kilizungumzia “desert island”. Karibu darasa zima liliandika “kisiwa cha jangwa”. Mmoja akatia na ngamia wawili ambao hawakuwamo katika kifungu. Alipoulizwa, akajibu: “Lakini mwalimu, jangwa bila ngamia ni jangwa gani?”

Sikumlaumu. Kosa lilianza kwenye Kiingereza chenyewe. Katika msemo huo, neno “desert” limebeba maana yake ya kale: mahali palipoachwa, pasipo watu. Kisiwa cha aina hiyo chaweza kuwa na minazi, chemchemi na mvua tele. Kiswahili hakichanganyi mambo haya mawili. Jangwa kwetu ni ukame, yaani ardhi isiyopata mvua ya kutosha kuotesha mimea. Wamo watu wanaoishi jangwani tangu jadi, na vipo visiwa vya kijani visivyo na hata kibanda.

Baadhi ya wenzangu hupendekeza “kisiwa mahame”. Neno tamu, ila lina mtego. Mahame linatokana na kitenzi hama. Ni mahali palipokuwa na watu wakaondoka. Kama hapajawahi kukaliwa, mahame ya nani? Wavuvi wa pwani nao wana neno dago, kambi ya muda wanayoipiga mbali na kwao wakati wa kuvua. Penye dago hapana wenyeji, lakini si mahame.

Sasa, ati hakuna kisiwa kilicho vyote viwili, jangwa na kitupu? Kipo, tena hapa Kenya. Katika Ziwa Turkana mna visiwa vitatu vikubwa: cha Kaskazini, cha Kati na cha Kusini. Kisiwa cha Kati, kilicho upande wa Kalokol, kina ukubwa wa kilomita mraba 5 hivi. Ni volkeno iliyochomoza majini. Ndani yake mna kasoko, yaani yale mashimo ya volkeno, na matatu kati yake yamejaa maji yakawa maziwa madogo. Kwa hiyo una ziwa ndani ya kisiwa, kisiwa ndani ya ziwa, na ziwa ndani ya jangwa. Mamba huzaliana humo. (Mchanga mnene wa yule mwanafunzi haupo, kilichopo zaidi ni majivu ya volkeno na mawe meusi.)

Kwa nini pakavu hivyo ilhali pamezungukwa na maji? Hapa ndipo mtoto wa Kapsoit hutatizika, na ana haki. Kwao maji na mvua ni ndugu. Unyevu wa Ziwa Victoria hupanda milima ya Kericho, ukapoa, na alasiri mvua ikashuka, mara nyingine ya mawe inayochanachana majani chai. Kericho hupata milimita 2,000 hivi kwa mwaka. Lodwar, mji ulio karibu na Ziwa Turkana, hupata takriban 200. Sehemu moja kwa kumi!

Sababu kubwa ni upepo. Ziwa Turkana liko katika uwanda wa chini, kama mita 360 juu ya usawa wa bahari, kati ya milima ya Kenya na ile ya Ethiopia. Upepo kutoka kusini mashariki hubanwa katika pengo hilo ukaongeza kasi, kama maji yapitayo kwenye mdomo wa mfereji. Mwaka wa 1982 wanasayansi Kinuthia na Asnani waliueleza mkondo huo. Hupita mbio na unyevu wake bila kuupandisha ukawa mawingu ya mvua. Jua nalo hufyonza zaidi ya mita 2 za maji ya ziwa kila mwaka. Kwa kuwa ziwa halina mto utokao, chumvi na magadi hubaki.

Upepo huo si wa mchezo. Mwaka wa 1934, watafiti wawili wa msafara wa Vivian Fuchs, Martin na Dyson, walivuka hadi Kisiwa cha Kusini. Hawakuonekana tena.

Ndiyo maana sipendi tunapoandika kwamba huko “hakuna kitu”. Kisiwa cha Kati kiliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka wa 1997, cha Kusini mwaka wa 2001. Mwaka wa 2018 eneo zima liliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, hofu ikiwa bwawa la Gibe III kwenye Mto Omo, mto uletao zaidi ya asilimia 80 ya maji ya ziwa. Patupu hapaharibiki, pakiitwa patupu, nani atapatetea?

Niliwashauri wanafunzi waandike “kisiwa kisichokaliwa”. Yule wa ngamia akainua mkono tena: “Na wale mamba, mwalimu, hawakai?”

Tukaongeza “na watu”.